Taa na mapambo ya Krismasi jijini Mwanza

Taa na mapambo ya Krismasi jijini Mwanza ni desturi ya kupamba makanisa, nyumba, maduka na hoteli kwa taa za rangi, nyota, miti na vitu vingine wakati wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo, inayoadhimishwa tarehe 25 Desemba. Mwanza ni jiji la Tanzania lililoko kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria (Nyanza). Eneo lake la mjini limegawanyika kati ya wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela. Kwa sababu ya mawe makubwa ya matale yaliyotapakaa vilimani na majini, huitwa pia Jiji la Miamba.

Desturi ya kuwasha taa za Krismasi ilianzia nchi za baridi, ambako Desemba ni mwezi wa giza refu. Mwanza hali ni tofauti. Desemba ni mwezi wa mvua, miti inachanua, na usiku unakaribia kulingana na mchana. Tena wakazi wa kando ya ziwa walizoea tangu zamani kuitumia taa ya usiku kama chombo cha kazi, hasa katika uvuvi wa dagaa. Kwa hiyo desturi iliyotoka mbali imekutana na mazingira yenye matumizi yake ya nuru, gharama zake na hatari zake.

Asili ya desturi

Mti wa Krismasi uliopambwa ni desturi ya Wajerumani. Ilienea Uingereza katika karne ya 19, hasa baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Viktoria na mumewe Albert, aliyezaliwa Ujerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti wenye mishumaa. Mishumaa hiyo iliwashwa kwa muda mfupi tu, na mara nyingi ndoo ya maji iliwekwa karibu, kwa kuwa matawi makavu hushika moto kwa urahisi.

Taa za umeme zilikuja baadaye. Tarehe 22 Desemba 1882 Edward H. Johnson, mshirika wa mvumbuzi Thomas Edison, alionyesha nyumbani kwake New York, Marekani, mti uliopambwa kwa balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na bluu. Kwa miaka mingi anasa hiyo ilibaki ya matajiri, kwa sababu kila mti ulihitaji fundi wa kuunganisha nyaya. Mwaka 1903 kampuni ya General Electric ilianza kuuza nyaya zenye balbu zilizokwisha kuunganishwa, na polepole taa hizo zikafika katika nyumba za kawaida.

Katika miji mikubwa taa za Krismasi zimekuwa tukio la umma. Kila mwaka tangu 1947 mji wa Oslo, Norwei, hupeleka mti mkubwa London kuwekwa katika uwanja wa Trafalgar Square, kama shukrani kwa msaada wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huko London tarehe 25 Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, hivyo mtu anayetoka kazini hukuta giza tayari. Taa za barabarani humpa moyo katika kipindi kigumu cha mwaka.

Krismasi kufika kando ya ziwa

Ukristo ulifika katika pwani ya kusini ya ziwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika mwaka 1877, na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifuata muda mfupi baadaye. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianzisha kituo cha Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ambacho ni kati ya misheni za Kikatoliki za zamani zaidi katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 1909 wamisionari wa AIM walipokea kituo cha Nassa kutoka kwa CMS. Kutokana na kazi yao lilitokea Kanisa la Africa Inland (AIC), lenye makao makuu yake Mwanza. Jimbo Katoliki la Mwanza lilipandishwa hadhi kuwa jimbo kuu mwaka 1987.

Katika misheni za mwanzo mapambo yalitokana na vitu vya mahali penyewe: matawi mabichi, maua, mikeka, vitambaa, mishumaa na taa za mafuta. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji ukawa kituo kikubwa cha biashara kati ya ziwa na bara, na bidhaa za dukani zikapatikana kwa wingi zaidi. Mji uliwavutia watu wa makabila na dini mbalimbali. Mbali na Wasukuma, ambao ni wenyeji wa eneo hilo, walihamia Wakerewe, Wahaya, Wajita, Wakurya, Wajaluo, Waarabu, Wahindi na wengine. Hivyo Krismasi ya Mwanza husherehekewa katika mji wenye Wakristo wa madhehebu mengi, Waislamu wengi na jumuiya ya Wahindu.

Majira ya Desemba

Mwanza iko karibu digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta. Katika wiki ya Krismasi jua huzama dakika chache kabla ya saa 1 jioni, na giza huingia upesi, kwa kuwa karibu na ikweta jua hushuka wima na machweo hayachukui muda mrefu. Anayetaka kuona taa za mji hana haja ya kusubiri: ifikapo saa 1 na nusu usiku zinaonekana zote.

Desemba ni mwezi wa mvua. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji ya ziwa, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Hewa yenye unyevu hukutana juu ya maji, hupanda na kufanya mawingu ya radi. Kwa sababu hiyo Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu za dunia zenye radi nyingi, hasa usiku na alfajiri. Taa zinazofungwa nje lazima zistahimili hali hiyo, jambo linaloelezwa zaidi hapa chini.

Mvua huleta pia wadudu. Kumbikumbi hutoka ardhini baada ya mvua na kuzifuata taa, na wadudu wadogo wa ziwani huzizunguka kwa maelfu. Taa zenye rangi ya manjano huwavutia wadudu wachache kuliko zile zenye mwanga mweupe unaoelekea bluu, na ndiyo sababu baadhi ya watu huchagua rangi hiyo kwa baraza na sehemu za kulia chakula.

Mapambo ya makanisani

Katika Kanisa Katoliki na baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti, Krismasi hutanguliwa na Majilio, kipindi kinachoanza Jumapili ya 4 kabla ya Krismasi, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Shada la Majilio lina mishumaa 4. Kila Jumapili huongezwa mmoja unaowashwa, hivyo mwanga hukua polepole hadi sikukuu yenyewe. Kwa utaratibu huo mapambo makubwa hungoja mkesha wa tarehe 24 Desemba, wakati maduka ya mjini huanza mapema zaidi, mara nyingi baada ya sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba au hata kabla yake.

Pambo muhimu katika parokia za Kikatoliki ni pango, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Desturi hiyo inahusishwa na Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223 aliandaa huko Greccio, Italia, hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda walio hai. Injili ya Luka inataja hori bila kutaja pango wala wanyama hao. Habari ya pango inatokana na mapokeo ya karne ya 2, na Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu huko Bethlehemu limejengwa juu ya pango. Ng'ombe na punda wanatokana na maneno ya nabii Isaya.

Katika mji wa miamba kama Mwanza pango si jambo geni kwa macho ya watoto, maana vilima vinavyozunguka mji vina mawe yaliyoegemeana na kuacha nafasi chini yake. Pango la kanisani hutengenezwa kwa mawe, magunia au karatasi ngumu zilizopakwa rangi, nyasi kavu na matawi, na ndani yake huwekwa taa ndogo. Vijana na wanakwaya ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Nyota nayo ina nafasi ya pekee. Kadiri ya Injili ya Mathayo, nyota iliwaongoza Mamajusi kutoka mashariki. Sikukuu inayokumbuka tukio hilo huitwa Epifania au Tokeo la Bwana, nayo ni ya tarehe 6 Januari, au Jumapili iliyo karibu na siku hiyo. Kanisa kuu la Jimbo Kuu la Mwanza, lililoko Bugando, limewekwa chini ya jina la Epifania. Ndiyo sababu kwa Wakatoliki mapambo hayaondolewi mara tu baada ya tarehe 25: Mamajusi bado hawajafika pangoni.

Mti wa Krismasi

Neno "mti wa Krismasi" lina maana zaidi ya moja nchini Tanzania. Maana ya kwanza ni mkrismasi (Delonix regia), mti mpana wenye maua mekundu, ambao asili yake ni Madagaska na ulipandwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kivuli na uzuri. Umepewa jina hilo kwa sababu huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, wakati wa Krismasi. Mti huo hauhitaji taa wala kukatwa. Hujipamba wenyewe, na maua yake yanayoanguka hufunika ardhi kama zulia jekundu.

Maana ya pili ni matawi au miti michanga ya jamii ya misonobari na mivinje, inayokatwa na kuwekwa ndani ya kanisa au nyumba. Haya hunukia vizuri, lakini hukauka baada ya siku chache na kuwa hatari kwa moto.

Maana ya tatu ni mti wa plastiki unaouzwa dukani, ambao sehemu kubwa hutoka China. Mti huo hukunjwa na kutumika mwaka hadi mwaka. Hupambwa kwa tufe za kung'aa, riboni, nyota kileleni na taa. Pamba inayowekwa juu ya matawi huwakilisha theluji, kitu ambacho wakazi wa Mwanza hawakioni kwao. Baadhi ya familia huacha pamba na kutumia maua, shanga au vikapu vidogo vya ukili.

Makoroboi na biashara ya taa

Moja ya sehemu za biashara zinazojulikana sana katikati ya Mwanza ni Makoroboi. Jina lake linatokana na koroboi, taa ndogo ya mafuta ya taa yenye utambi, ambayo mafundi wa hapo waliitengeneza kwa mabati na makopo chakavu. Koroboi ilikuwa taa ya mtu wa kawaida: ilimwangazia mama lishe, muuza samaki wa jioni na mwanafunzi aliyejisomea usiku. Moshi wake uliumiza macho na kifua, na ilipopinduka iliweza kuteketeza nyumba nzima.

Siku hizi wauzaji wa eneo hilo na mitaa ya jirani huuza bidhaa za kila aina, na mwezi wa Desemba taa za Krismasi ni mojawapo. Mahali palipopata jina kutokana na taa maskini kuliko zote sasa huuza taa za kumetameta kutoka ng'ambo. Wauzaji na wanunuzi ni wa dini zote. Nyaya hizohizo za taa hununuliwa na Wahindu kwa ajili ya Diwali, sikukuu yao ya nuru inayoangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na pia hutumika katika harusi, mahafali na sikukuu za Idi.

Mahali taa zinapoonekana

Katikati ya mji, maduka na mabenki yaliyo kando ya barabara kuu, kama vile Barabara ya Nyerere na Barabara ya Kenyatta, hupambwa madirishani na milangoni. Rock City Mall iliyoko Ilemela ni mahali pengine ambapo familia hukusanyika kutazama mapambo na kupiga picha. Hoteli zilizo ufukweni na katika mtaa wa Capri Point huning'iniza taa kwenye miti na baraza, na mwanga wake huakisiwa na maji.

Hata hivyo mandhari inayoonekana mbali zaidi haikupangwa na mpambaji yeyote. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa kwenye miteremko ya vilima vya mawe, moja juu ya nyingine, kama vile Igogo, Mabatini na Bugando. Usiku kila nyumba ina taa yake, na kilima kizima huonekana kama mti uliopambwa. Mtu anayekaa huko hupanda ngazi na vijia vya mawe ili kufika kwake, mara nyingi akibeba maji au mizigo. Kwa hiyo uzuri unaotazamwa kutoka chini ni pia alama ya ugumu wa maisha ya juu.

Meli inayokwenda Bukoba husafiri usiku, na abiria wanaorudi nyumbani kwa sikukuu hutazama taa hizo za vilima zikififia nyuma yao. Wanaokwenda Geita, Chato na Kagera kwa basi walilazimika kwa miaka mingi kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 huvuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Kwa sababu ya safari hizo sehemu ya wakazi haiko mjini siku yenyewe ya Krismasi. Taa za mji hutazamwa zaidi katika wiki mbili zinazotangulia.

Taa za ziwani

Mtu anayesimama ufukweni Mwanza usiku wa giza anaweza kuona taa nyingine mbali majini, zikiwa zimejipanga kama mtaa. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa (Rastrineobola argentea), samaki wadogo ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene. Dagaa huvutwa na mwanga, hukusanyika chini ya taa, kisha huzungushiwa wavu. Kwa miaka mingi wavuvi walitumia karabai, taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu. Siku hizi taa za LED zinazotumia betri na nguvu ya jua zimechukua nafasi ya karabai katika mitumbwi mingi. Sehemu kubwa ya dagaa waliokaushwa huuzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kusafirishwa hadi nchi jirani.

Uvuvi huo hufuata mwezi. Mbalamwezi inapong'aa, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwavuta dagaa, hivyo kazi husimama kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo taa za ziwani huonekana wakati wa Krismasi katika miaka fulani tu. Mwaka 2022 mwezi mpya uliangukia tarehe 23 Desemba, na usiku wa Krismasi ulikuwa wa giza, unaofaa kwa uvuvi. Mwaka 2023 mwezi mpevu ulifika usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba, na mbalamwezi iliwaka usiku wa sikukuu.

Upande wa magharibi wa ziwa, katika mkoa wa Kagera, taa zina kazi nyingine tena. Novemba na Desemba ni msimu wa senene (Ruspolia differens), panzi wanaoliwa na kupendwa sana na Wahaya. Wavunaji huwasha taa kali usiku na kusimamisha mabati. Senene hufuata mwanga, hugonga bati na kuteleza ndani ya pipa. Msimu wao hukutana na maandalizi ya Krismasi, na senene waliokaangwa ni zawadi inayopelekwa kwa ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam.

Mifano hiyo inaonyesha jinsi nuru ya usiku inavyoeleweka kandokando ya ziwa. Taa huita: huita samaki, senene, wateja na waumini. Anayeiwasha anajua imemgharimu kiasi gani, na hutarajia kitu kitakachorudi.

Jinsi taa zinavyofanya kazi na gharama zake

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania una nguvu ya volti 230. Nyaya za taa za zamani zilikuwa na balbu ndogo zilizounganishwa kwa mfuatano. Kwa mfano, balbu 20 za volti 12 kila moja ziligawana umeme wote. Balbu moja ilipoungua, mkondo ulikatika na waya mzima ukazimika, na mwenye nyumba alilazimika kujaribu balbu moja baada ya nyingine hadi kuipata mbovu. Taa za sasa ni za LED. Zimegawanywa katika makundi, kwa hiyo kuharibika kwa moja hakuzimi zote. Hazipati joto kali, na hutumia umeme kidogo sana.

Tofauti inaweza kuhesabiwa. Waya wa balbu 100 ndogo za zamani hutumia karibu wati 40, na waya wa LED 100 hutumia karibu wati 6. Zikiwashwa saa 6 kila usiku kwa siku 20, yaani saa 120:

- waya wa balbu za zamani: wati 40 × saa 120 = wati-saa 4,800, sawa na yuniti 4.8;
- waya wa LED: wati 6 × saa 120 = wati-saa 720, sawa na yuniti 0.72.

Yuniti moja ni kilowati-saa 1, kiasi kinachotumiwa na pasi ya wati 1,000 kwa saa moja. Hivyo familia yenye waya mmoja wa LED hutumia kwa taa za Krismasi umeme mdogo kuliko wa kupiga pasi kwa saa moja. Kwa duka lenye nyaya 50 tofauti ni kubwa: nyaya za zamani hula yuniti 12 kila usiku, na za LED yuniti 1.8.

Wateja wengi wa TANESCO hununua umeme kabla ya kuutumia kwa mita za LUKU, yaani "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo", zilizoanza kutumika katika miaka ya 1990. Mita hiyo humwonyesha mwenye nyumba yuniti zikipungua. Ndiyo sababu taa za Krismasi katika nyumba nyingi huwashwa jioni tu, wageni wanapokuwepo au watoto kabla hawajalala. Taa za nguvu ya jua, zinazochajiwa mchana, hutumiwa pia mahali pasipo na umeme wa gridi, vikiwemo baadhi ya visiwa vya ziwa. Siku za mawingu mazito huwaka kwa muda mfupi zaidi.

Usalama

Hatari kubwa ya taa za sikukuu ni moto na kupigwa na umeme. Zote mbili huzuilika kwa hatua chache:

- Taa za kufungwa nje ziwe zimetengenezwa kwa matumizi ya nje. Alama ya IP44 kwenye boksi maana yake kifaa kinastahimili maji yanayorushwa, na IP65 kinastahimili mvua nzito zaidi. Taa zisizo na alama hiyo zitumike ndani tu.
- Taa zilizotengenezwa kwa nchi za volti 110 hadi 120, kama zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, zisichomekwe moja kwa moja, maana huungua.
- Ekstensheni moja isibebe mzigo mkubwa. Plagi ya kawaida ya pini tatu za bapa ina kikomo cha ampea 13, yaani karibu wati 3,000, na ekstensheni za bei nafuu zenye waya mwembamba hubeba kidogo zaidi ya nusu ya hapo au pungufu. Taa zenyewe ni nyepesi. Tatizo hutokea birika au jiko la umeme linapochomekwa pamoja nazo.
- Waya uliochubuka usifungwe kwa gundi ya karatasi wala plastiki ya kawaida, na usipitishwe juu ya bati au dirisha la chuma. Bati likigusana na waya ulio wazi huwa na umeme lote, na mtu anayeligusa akiwa amesimama kwenye maji ya mvua anaweza kufa.
- Kazi ya kuunganisha taa nyingi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.
- Mishumaa iwekwe mbali na matawi makavu, mapazia na pamba, na isiachwe bila mtu.
- Taa zizimwe na kuchomolewa wakati wa kulala na wakati wa radi. Umeme ukikatika zichomolewe pia, kwa sababu unaporudi unaweza kuja kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Mtu akipigwa na umeme, asiguswe kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nchini Tanzania ni 114, na haitozwi malipo. Kwenye mitaa ya vilimani magari ya zimamoto hayafiki milangoni, kwa hiyo kuzuia moto ni muhimu kuliko kuuzima. Ndoo ya mchanga iliyo tayari husaidia kwa moto mdogo, lakini maji yasimwagwe kwenye moto wa umeme.

Baada ya sikukuu

Tarehe 26 Desemba, Siku ya Kufungua Zawadi, ni sikukuu ya taifa pia, na taa nyingi hubaki hadi Mwaka Mpya. Baada ya hapo huja Januari, mwezi wa sare, madaftari, michango ya shule na kodi ya nyumba. Familia iliyonunua mapambo kwa mkopo huanza mwaka na deni. Kwa upande mwingine taa za madukani, makanisani na ufukweni hutazamwa bila kulipa, na kwa watoto wengi wa mjini matembezi ya jioni ya kuzitazama ndiyo sehemu kubwa ya Krismasi yenyewe.

Jambo lingine ni takataka. Nyuzi za kung'aa, maputo na vifungashio vya plastiki vikitupwa ovyo husombwa na mvua hadi Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani. Marufuku iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 inahusu mifuko ya plastiki, si mapambo, hivyo jukumu la kuyatunza ni la mwenyewe. Ziwa hilohilo ndilo chanzo cha maji ya kunywa ya jiji. Mapambo yaliyokunjwa vizuri na kuwekwa kwenye boksi pakavu hudumu kwa miaka kadhaa, na waya wa taa ulioviringishwa kwenye kipande cha karatasi ngumu haukatiki wala haujifungi mafundo.

Taa zinapoondolewa, vilima vya Mwanza hubaki na mwanga wake wa kila siku, na usiku wa giza wavuvi hurudi ziwani na taa zao.